Waifai ya Karibu Nyumbani

Kilichomshtua Ikupa mwanzoni kilikuwa kitu kidogo tu. Alikuwa sebuleni kwake Bariadi, jua la alasiri likiingia dirishani, anatazama kwenye simu ni vifaa gani vimeshika waifai yake. Simu yake ilikuwepo. Kompyuta ya kazini ilikuwepo. Tableti ya mwanawe Goodness ilikuwepo. Chini yake kulikuwa na kifaa kingine, hakina jina, na ndani ya nyumba walikuwa wawili tu, yeye na mtoto.

"Majirani hao," akajisemea, akacheka. Angejua, asingecheka.

Ruta yenyewe ilikuwa mpya. Ikupa alikuwa afisa mifugo, mtu wa kuzungushwa gesti za mkoa mzima, leo Kalemela, kesho Mwandoya, na shule zikifungwa humbeba Goodness. Joakim wa duka la simu alimletea kwanza ruta kubwa yenye antena kama pembe za swala. Ikupa akaikataa, yeye alitaka ya kuingia kwenye mkoba. Joakim akamtolea nyingine, ukubwa wa kipande cha sabuni.

"Hii dada ndiyo ya wasafiri," alisema. "Unaipa jina moja tu. Ukiwa home unaichomeka, ukiwa gesti unaiunganisha na waifai ya pale, na simu zenu zinajiona ziko kwenu. Ila weka paswedi."

Jina hakuhangaika kulitafuta. Vitambaa vyote vya makochi yake vilitariziwa Karibu Nyumbani, na ruta akaiita hivyohivyo. Paswedi hakuweka. Mgeni aje kwake aanze kuomba neno la siri kama anaomba chumvi? Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo alivyolelewa kwao Tukuyu. Goodness mwenyewe, na miaka yake sita, alishafinywa sana kwa kumwacha mgeni aondoke bila kuambiwa "karibu tena", mpaka siku hizi neno lilimtoka lenyewe.

Basi katika safari ya kwanza na ruta hiyo, kabla kile kifaa hakijaonekana, Ikupa aliyabeba makaribisho hayo mpaka Mwandoya, akayatangaza ndani ya chumba cha mwisho cha gesti moja kuukuu, chumba kisicho chake, bila kujua humo alikaa nani ambaye kwa miaka hakuna aliyemwita.

Baada ya kile kifaa ikaja harufu. Ngozi mbichi ya ng'ombe, iliyolowa. Ikupa alipiga deki, akafua mapazia, harufu ikabaki. Kisha jioni moja, akiwa anapakua ugali, akasikia kwato kwenye sakafu ya korido, taratibu, mpaka mezani, na kiti kikatoa mlio kama kimekaliwa.

"Mama," Goodness akanong'ona, "mgeni hajawekewa sahani."

"Mgeni gani?"

"Huyu. Basi nampa yangu."

Tangu hapo mtoto hakula. Alisogeza sahani yake kwenye kiti kitupu, akakunja mikono kwa adabu, akangoja. Hospitali walimpima wasione ugonjwa, mchungaji akaja akaomba akaondoka akijifunika pua, Ikupa akaichomoa ruta akaifungia kabatini na taa yake ikazima lakini kwato hazikuzimika, na kila asubuhi alipomwogesha mwanawe alikuta mbavu zimejitokeza zaidi, na akawa anampigia magoti, anamlazimisha uji kwa kijiko huku analia na mtoto anamwambia kwa sauti ndogo, mama usilie, mgeni atashiba tu. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakusema wa namna hii unampaje.

Jirani yake Kabula ndiye aliyesema wazi. "Mayu, mama yangu, nyumba yako inanuka zizi, na ng'ombe huna. Twende Ipililo kwa shangazi yangu Nyanjige, ni mganga."

Ikupa hakujali tena kanisani watasema nini. Akaenda.

"Mwangaluka, mayu," Nyanjige alimsalimu. Goodness alikuwa amelala mgongoni kwa Kabula, mwepesi kama nguo. Bibi aliinusa ruta waliyokuja nayo, akaiweka mbali na magoti yake.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Ulimwita."

"Mfukuze, bibi. Nakuomba. Nitakufa mimi."

"Aliyekaribishwa hafukuzwi, ataondoka na mtoto. Anasindikizwa. Mrudishe pale ulipomwitia, na mtoto muende naye, maana mgeni anamfuata yeye. Washa kitu chako, mwambie safari njema, ufute lile jina. Ila sikiliza, mayu. Mtu yeyote asimwambie karibu tena."

Wakakodi gari mpaka Mwandoya. Goodness alikaa dirishani, Ikupa upande wa pili, na kiti cha kati hakuna aliyethubutu kukigusa. Kule chumbani, mchana wa jua kali, Ikupa aliichomeka ruta. Harufu ikaingia. Godoro likabonyea pembeni, kama mtu mzito amekaa.

"Safari njema," Ikupa alisema, na ulimi wake uliozoea ukataka kuendelea, akaung'ata mpaka akaonja damu, akatafuta jina kwenye simu, akalifuta, na godoro likainuka polepole na hewa ya chumba ikawa hewa tu, vumbi na dawa ya mbu.

"Mama," alisema Goodness, "nina njaa."

Ikupa alilia kwa furaha bila kujificha. Ruta akaiacha palepale mezani. Nje, Kabula alinunua chapati, mtoto akaila kwa pupa, mafuta yanamchuruzika kidevuni, na Ikupa akamtazama kila tonge linavyoshuka. Wakaingia garini, Kabula mbele na dereva, wao nyuma. Gari likaanza kuondoka.

Goodness akageukia dirisha. Akaupungia mkono mlango wa chumba cha mwisho, mdomo umejaa, kwa adabu zote alizofundishwa.

"Karibu tena!"

Ikupa alimziba mdomo, lakini neno lilikwishatoka. Dereva akauliza nani kapakia ngozi mbichi. Na Goodness, bila kuambiwa, akajisogeza dirishani kumpisha mtu, akaiweka chapati iliyobaki kwenye kiti cha kati, akakunja mikono.