Kioo cha Upande wa Kushoto

Saa moja na robo asubuhi, Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2002, jua lilikuwa limeshaingia ndani ya pikapu ya Onesmus. Liliingia kupitia kioo cha mlango wa kushoto. Lilimpiga mke wake, Mwongeli, shavuni na mkononi.

Ilikuwa hivyo kila siku ya kazi. Onesmus alitoka Kangundo na mapapai na ndizi, akaenda kuuza sokoni Machakos. Mwongeli alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili mmoja mjini. Safari ilichukua karibu saa nzima. Pikapu yao ilikuwa Peugeot ya zamani yenye viti viwili tu. Onesmus alikaa kulia kwenye usukani, Mwongeli alikaa kushoto.

Mwongeli alizaliwa na ualbino. Ngozi yake haina ile rangi inayowakinga watu wengine na jua. Tangu utotoni alivaa kofia na mikono mirefu akiwa nje. Lakini akiingia garini alivua kofia na kukunja mikono ya blauzi. Aliamini kwamba kioo kinatosha.

Siku hiyo, saa nne, alikuwa kliniki. Daktari wa ngozi aliitazama mikono yake yote miwili. Wa kulia ulikuwa safi. Wa kushoto ulikuwa mwekundu, na karibu na kiwiko palikuwa na kidonda kidogo kilichokataa kupona kwa miezi miwili.

“Wewe ndiye dereva?” daktari aliuliza.

“Hapana, daktari. Naendeshwa na bwana yangu.”

“Kwa hivyo unakaa kushoto. Asubuhi jua linakuja upande gani?”

“Kushoto.”

“Na jioni mkirudi?”

Mwongeli alifikiri. Jioni gari lilikuwa limegeuka kurudi Kangundo. Jua nalo lilikuwa limehamia upande wa pili wa anga. “Kushoto,” alisema. Hakuwahi kuligundua hilo kwa miaka tisa.

Daktari alimweleza kwamba mwanga wa jua una miale isiyoonekana kwa macho. Kioo cha mlango wa gari huzuia sehemu kubwa ya miale inayounguza ngozi haraka. Lakini huruhusu kupita sehemu ya miale inayoharibu ngozi polepole, mwaka baada ya mwaka. Kisha akakikata kile kidonda. Alisema kimewahiwa, na kwamba vidonda vya namna hiyo vikiachwa huweza kuwa saratani. Alimpa tarehe ya kurudi: 3 Februari.

“Nikikuta kidonda kingine siku hiyo,” alisema, “nitakushauri uache safari hii.”

Kuacha safari kulikuwa kuacha kazi. Kangundo hapakuwa na ofisi iliyotafuta mpiga chapa.

Onesmus alikuwa mtu wa kujifanyia mambo. Aliezeka nyumba yake mwenyewe. Alirekebisha pampu ya kisima bila kumwita mtu. Jumamosi iliyofuata alienda soko la Tala, akanunua karatasi ya plastiki ya kubandika kwenye vioo, ile ambayo watu huiita tinti. Muuzaji alikuwa na aina tatu. Onesmus alichagua iliyokuwa nyeusi kuliko zote. Kama haipitishi hata sura ya mtu, alisema, jua litapita wapi? Muuzaji alikubaliana naye.

Jumapili, tarehe 8, alianza kazi uani. Alisugua vioo kwa mafuta ya taa ili ving'ae, akavipangusa kwa kanga kuukuu. Hatua chache kutoka hapo mama yake, Kalunde, alikuwa akipura mbaazi. Upepo ulikuwa mzuri, na Kalunde aliutumia kupepeta. Upepo huohuo ulibeba maganda na vumbi hadi kwenye gundi ya ile karatasi. Onesmus hakulijali hilo. Alikuwa akipigana na karatasi iliyokuwa ikijikunja.

“Onesmus,” mama yake aliita, “gari limepata baridi, unalivalisha soksi?”

“Ni dawa ya Mwongeli, mwaitu,” alimjibu mama yake kwa Kikamba.

Alimaliza jioni. Vioo vitatu, vya milango miwili na cha nyuma, vilikuwa vyeusi kama sufuria ya kuni. Vilijaa mapovu. Katika kona ya kioo cha kushoto kilikuwapo kipande kizima cha ganda la mbaazi. Asubuhi Mwongeli aliteremsha kioo ili amuage mama mkwe. Karatasi ikakunjana upande wa juu. Onesmus akaibandika tena kwa selotepu.

Siku ya Jumatano kulikuwa na ukungu. Onesmus alirudi nyuma kutoka langoni kuingia barabarani. Kioo cha nyuma hakikumwonyesha kitu. Alisikia mlio wa plastiki ikipasuka, akakanyaga breki. Nyuma ya pikapu alisimama jirani yao, Kamanthe, na punda wake aliyebeba maji. Mtungi mmoja ulikuwa umepondeka. Punda hakuguswa.

“Baba Mwelu,” Kamanthe alisema kwa utulivu, akimwita kwa jina la mwanawe, “huyu punda ni mkubwa kukushinda. Kama humwoni yeye, mtoto wa shule utamwona?”

Onesmus aliomba msamaha, akamnunulia mtungi mwingine. Lakini karatasi hakuibandua. Aliamini inamkinga mke wake.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa kubwa. Mwongeli naye aliamini hivyo. Kwa kuwa ndani ya gari kulikuwa na giza, aliendelea kuvua kofia na kukunja mikono, tena bila wasiwasi. Tarehe 30 Septemba, akioga, aliona mkono wa kushoto umekuwa mwekundu tena. Alimwita mumewe, akamwonyesha.

“Giza lote hili,” alisema, “na bado naungua.”

Onesmus alitoka uani kukikagua kile kioo.

Mwongeli alimweleza mwajiri wake. Wakili alimwambia aende Majengo, pale pale mjini, amuulize Asmaa kwenye karakana ya vioo vya magari. Jumamosi, tarehe 5 Oktoba, wote wawili walienda.

Walimkuta mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amejifunga mtandio na kuvaa aproni ya turubai. Karakana ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyekuwa fundi wa viti vya magari. Asmaa alijifunza kazi ya vioo Mombasa kwa miaka minne kabla ya kurudi. Onesmus alimsalimia, kisha akauliza fundi yuko wapi.

“Unamwona,” Asmaa alisema. “Au ulimtaka mwenye ndevu?”

Mwongeli alicheka. Onesmus alitazama viatu vyake.

Asmaa alizunguka pikapu bila haraka. Alipita kidole kwenye mapovu. Kwenye kioo cha kushoto akasimama.

“Hii ni mbaazi?”

“Ya Kangundo,” Onesmus alijibu.

“Mvua ikinyesha itaota. Usiing'oe, utapata mboga.”

Baada ya utani alitaka kujua kwa nini walihitaji tinti. Mwongeli alieleza yote: mkono, kidonda, daktari, tarehe 3 Februari. Asmaa alisikiliza hadi mwisho. Hakutoa pole nyingi. Aliingia ndani, akarudi na taa ndogo. Ilikuwa taa ya aina inayotumiwa madukani kukagua noti bandia.

Aliomba noti. Onesmus akampa ya shilingi mia mbili. Asmaa aliingia nayo kwenye kona isiyo na mwanga, akawasha taa juu yake. Nyuzi nyembamba ziling'aa kwenye noti.

“Taa hii inatoa miale isiyoonekana, jamaa ya ile aliyowaambia daktari,” alisema. “Ikiifikia noti, nyuzi zinang'aa. Isipofika, hazing'ai. Sasa tazameni.”

Alibandua kipande cha ile karatasi nyeusi ya Onesmus, akakiweka kati ya taa na noti. Nyuzi ziliendelea kung'aa. Kisha akachukua kipande cha karatasi yake mwenyewe. Kilikuwa angavu, karibu bila rangi, kama maji ya chai nyepesi sana. Akakiweka mahali palepale. Nyuzi zikazimika.

Onesmus aliomba arudie. Asmaa alirudia mara tatu. Kila mara ilikuwa vilevile.

“Hii yangu ni nyeusi,” Onesmus alisema, “na yako unaona mpaka ng'ambo.”

“Weusi ni rangi tu. Unazuia macho. Kinachozuia miale ni dawa iliyomo ndani ya karatasi, na dawa haina rangi. Kuna nyeusi yenye dawa na nyeusi isiyo nayo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.”

Mwongeli ndiye aliyelielewa kwanza. “Kwetu tunasema muunyi na kivindu,” alisema. “Mti una muunyi, kile kivuli cha kupumzikia. Chumba bila taa kina kivindu, giza.”

“Basi bwana yako alikununulia kivindu,” Asmaa alisema. “Na wewe ulihitaji muunyi.”

Onesmus aliuliza kama anaweza kununua karatasi hiyo akaibandike mwenyewe. Asmaa alimjibu bila kumdharau. Alisema si kosa. Kioo cha nyuma kimenyooka, na mtu makini angekiweza baada ya kuharibu mara mbili tatu. Vioo vya milango vimepinda, na hapo ndipo wengi hushindwa. Tena panahitajika chumba kisicho na upepo. Kisha alimtazama shati.

“Leo unaweza kutazama tu. Lakini shati lako nalo limejaa maganda ya mbaazi. Simama mlangoni.”

Onesmus alisimama mlangoni kwa saa tatu, na hakuondoka hata kwenda kunywa chai.

Kwanza Asmaa alifunga madirisha ya karakana, akamwaga maji sakafuni ili vumbi lisiruke. Alibandua karatasi ya zamani kwa mvuke, polepole, kisha akaondoa gundi yote. Mafuta ya taa, alieleza, huacha utelezi usioonekana, na gundi haishiki kwenye utelezi. Aliosha kila kioo kwa maji ya sabuni, akakikwangua kwa wembe uliolazwa, akakiosha tena. Aliosha hata mifereji ya mpira ambamo kioo huingia, kwa sababu vumbi hujificha humo.

Alipima na kukata karatasi upande wa nje wa kioo. Aliipasha kwa hewa ya moto hadi ikakubali mkunjo wa kioo. Kisha akanyunyizia maji ya sabuni upande wa ndani, akaitelezesha mahali pake. Kwa kipande cha mpira aliyasukuma maji kutoka katikati hadi pembeni. Mkono wake ulipita mara moja kila sehemu, bila kurudi. Onesmus, aliyepigana na karatasi siku nzima, aliona jambo hilo na kulikumbuka: Asmaa hakurudia.

Alipomaliza, vioo vilionekana kama havijabandikwa kitu. Hapakuwa na povu wala vumbi. Kioo cha mbele hakukigusa; hicho, alisema, kina utando wa plastiki katikati unaozuia miale hiyo. Alimketisha Onesmus kwenye usukani, akaenda kusimama nyuma ya gari, kisha kila upande, akimuuliza anaonyesha vidole vingapi. Onesmus alijibu sawa kila mara.

“Huyo punda ungemwona,” Mwongeli alisema.

Asmaa alitoa masharti yake. Vioo visiteremshwe kwa siku tano, hadi maji yaliyobaki yakauke. Ukungu kidogo ukionekana ndani ya karatasi, wauache, utaondoka wenyewe. Waoshe kwa kitambaa laini na maji ya sabuni tu. Baada ya siku tano, joto likizidi, wafungue kioo cha dereva, kwa sababu jua haliji upande huo.

“Na wewe, dada,” alimwambia Mwongeli, “kioo ni ukuta mmoja. Mikono mirefu ni ukuta wa pili. Usibomoe mmoja kwa sababu umejenga mwingine.”

Kuanzia Jumatatu iliyofuata Mwongeli hakukunja tena mikono garini, na kofia ilibaki kichwani. Onesmus alihesabu siku tano bila kugusa kioo. Ya sita aliongeza mwenyewe, kwa hiari yake. Novemba mvua zilinyesha. Januari jua kali likarudi. Pikapu iliendelea na safari zake, jua kushoto asubuhi, jua kushoto jioni.

Jumatatu, tarehe 3 Februari 2003, saa nne, Mwongeli alikaa mbele ya daktari. Onesmus alisimama nyuma ya kiti chake. Daktari aliutazama mkono wa kushoto kwa lenzi, kutoka begani hadi kwenye vidole. Alitazama shavu. Aliweka mkono wa kulia kando ya wa kushoto, akalinganisha.

“Mlibadilisha njia?” aliuliza.

“Hapana, daktari,” Mwongeli alisema. “Tulibadilisha kioo.”

Daktari aliandika kwenye kadi: Mkono wa kushoto, hakuna kidonda kipya. Aendelee na kazi.

Saa tano kamili Mwongeli alikuwa ameketi mbele ya mashine yake, mikono ya blauzi imefungwa vifungo, akichapa.