Aliyesema Bado

Injinia aliposhuka kutoka juu ya paa saa nne asubuhi, alikuwa ameloa jasho na moyo wake mweupe, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo wa mlango wa mbele. Akaupata. Akauchomeka kwenye kufuli, na hapo ndipo mkono uliposita.

Kufuli alikuwa amelifunga mwenyewe, kwa nje, kabla ya kupanda ngazi. Mke wake alikuwa ameondoka tangu alfajiri kwenda kazini kwenye duka la dawa. Nyumba haikuwa na mtu. Sasa ni nani aliyekuwa akimwambia kutoka sebuleni, nusu saa nzima, "Bado, sogeza kidogo kushoto," na "Rudisha, umepitiliza," mpaka akamaliza kwa "Hapo hapo, kaza"? Na yeye alikuwa akimjibu. Spana mkononi, alikuwa akiuliza, "Vipi sasa?" kama wanavyojibizana wote waliowahi kufunga antena, mmoja juu na mwingine ndani, na nati aliikaza pale pale alipoambiwa.

Aliingia. Televisheni ilikuwa inawaka, picha safi kama imeoshwa, mtangazaji wa kike anasoma hali ya hewa. Chumba kilinuka waya ulioungua. Alikagua waya mmoja baada ya mwingine, maana hiyo ndiyo kazi yake, na hakukuta hata mmoja wenye kasoro. Akagusa kiti kilichoelekea televisheni, na mahali pa kukalia palikuwa na joto.

Mke wake aliporudi jioni alimkuta amekaa kizingitini. "Imekubali?" akauliza. Injinia akasema imekubali.

Injinia hakuwa injinia. Ni jina la utani alilopewa na majirani kwa sababu alikuwa fundi wa redio na televisheni, mwenye kibanda cha mbao kando ya barabara, na mikono yake iliweza kufufua hata televisheni iliyotumbukia kwenye beseni la maji. Lakini kwa miaka tisa kulikuwa na kazi moja aliyoikataa, nayo ni kufunga antena. Mteja akimwomba, Injinia anasingizia mgongo. Akibanwa sana, anasingizia ngazi imevunjika. Kuna siku alisingizia kwamba mke wake ameota ndoto mbaya. Nyumbani kwake akalipia kifurushi cha televisheni kila mwezi bila kunung'unika, mtu ambaye kwa kawaida hata msumari mbovu huunyoosha autumie tena.

Ni mke wake aliyechoka. "Wewe ni fundi," alimwambia. "Stesheni tano zinapita bure juu ya bati letu, na sisi tunalipia. Pale dukani wananicheka."  Injinia jibu alikuwa nalo, ila halikuwa jibu la kumpa mtu.

Basi akatengeneza antena. Alipima, akachora kwenye karatasi ya kaki, akachonga ubao wa kubeba mirija. Ilipofika zamu ya mirija yenyewe, shemeji yake, mjane wa kaka yake aliyeishi chumba cha uani, alitokea akiburuta antena kuukuu iliyopinda.

"Chukua hii, shemeji. Ilikuwa ya marehemu. Mimi kila nikiiona naona pombe tu."

Injinia alishukuru huku akitazama miguu yake mwenyewe. Aliikata ile mirija, akainyoosha, akaifunga upya kwa boliti mpya, akijiambia kwamba aluminiamu ni aluminiamu. Fundi mwenye akili zake angejua kwamba kuna vyuma visivyofaa kurudishwa mahali pa juu.

Siku ya nne baada ya kuifunga, jua likiwa linazama, mke wake alikuwa akizunguka stesheni kwa rimoti, akafika kwenye moja isiyo na namba. Ilionyesha paa la bati, limepigwa picha kutoka chini. Juu ya paa, miguu miwili ya mwanamume ilitembea polepole, imevaa ndala za bluu zilizofungwa kwa waya upande mmoja.

"Hii sinema yao haina hata mwanzo," mke wake akasema. "Mtu anatembea tu."

Kisha kwenye spika ikatoka sauti, ya chini, kavu kidogo, ya mtu anayezungumza huku macho yake yako kwingine. "Bado. Sogea mbele kidogo."

Mke akacheka. "Msikie huyo. Kama wewe vile."

Injinia hakucheka. Waya wa zile ndala za kaka yake alikuwa ameufunga yeye, na ile sauti haikuwa kama yake, ilikuwa yake, ila ya miaka tisa iliyopita, kabla sigara hazijaikwaruza. Aliinuka akachomoa waya wa antena nyuma ya televisheni. Stesheni zote tano zikapotea. Ile isiyo na namba ikabaki, na miguu ikapiga hatua nyingine kuelekea ukingoni.

Tuseme sasa alichokificha, maana yeye hajawahi kukisema. Miaka tisa iliyopita, juu ya paa hilo hilo, kaka yake mkubwa alikuwa akigeuza antena na Injinia yuko ndani anamwelekeza. Picha ilikaa mapema. Ilikaa vizuri kabisa, bila chenga hata moja, na kwenye kioo mpira ulikuwa umewekwa kwenye doa la penalti. Injinia alimjua kaka yake. Angeambiwa picha imekaa angeshuka, angechukua kile kiti, angeweka taarifa ya habari, na hakuna mdogo mtu ambaye angemzuia. Basi Injinia akapaza sauti, "Bado." Mpigaji akawa anapandisha soksi. "Bado, kaka, sogea mbele kidogo." Mwamuzi akawa anabishana na kipa. "Kidogo tena." Penalti ikapigwa, ikaingia, na uani kikasikika kishindo kimoja kwenye mfereji wa zege.

Watu walipojaa wakauliza ilikuwaje mtu mzima akatembea mwenyewe mpaka hewani. Injinia akasema kaka alikuwa amekunywa. Wakamwamini, kwa kuwa marehemu zamani alikuwa mnywaji. Uongo ule ulimtoka kwa wepesi ambao mpaka leo ukimjia kichwani anahisi uso unamchoma, hata akiwa peke yake.

Usiku wa ile stesheni isiyo na namba, mke wake alisogea karibu, akanong'ona. "Juzi uliniita kutoka ndani, nilipowahi kurudi. Ukasema nipande nikugeuzie antena. Nikakujibu mimi na ngazi hatupatani. Nilipoingia hukuwepo."

"Juzi nilikuwa kibandani mpaka jioni."

Mke wake akavuta shuka. "Usipande juu," akasema Injinia. "Hata ukinisikia nakuita, usipande."

"Kwa nini? Kuna nini juu?"

Hapo ndipo angesema. Mke wake alikuwa anamngoja, na giza lilikuwa linamsitiri uso. Akasema, "Bati limeoza."

Kesho yake alikwenda kwa mshonaji. Huyu alikuwa mama wa makamo anayeshona sare za shule, na katikati ya oda moja na nyingine alikuwa anatoa majini. Alimsikiliza Injinia na pini midomoni, cherehani ikienda ili wateja wasisikie, kisha akavuta shati la mgeni wake akalinusa.

"Huyu jini hana sauti yake," akasema polepole. "Wako hivyo. Anakaa mahali pa juu, anangoja mtu atamke neno la kuua, analiokota. Miaka yote hiyo alikuwa nalo ila hana pa kuingilia. Wewe umempa mlango."

"Ubani hautamtoa?"

"Atatoka Ijumaa, Jumamosi amerudi. Neno ni lako. Liseme kwa mdomo wako mbele ya aliyedhulumiwa nalo, halitamfaa tena."

Injinia alitazama vipande vya kitambaa sakafuni. "Nikimwandikia shemeji barua?"

 Mshonaji alimwonyesha mlango kwa mkasi, na Injinia akainuka.

Njiani alikuwa na kila nafasi ya kuharakisha. Akapita njia ndefu. Alisimama kununua soda asiyoitaka, akainywa polepole, akijaribu maneno: shemeji, kuna jambo; shemeji, unakumbuka siku ile. Kila mwanzo ulimwonyesha uso wa shemeji yake, naye akaurudisha chini pamoja na soda. Aliamua atasema kesho. Alikuwa ameshaamua hivyo alipokata kona na kuona ngazi imeegeshwa ukutani.

Shemeji yake alikuwa juu ya paa, gauni amelikunja kiunoni, ameshika mlingoti wa antena kwa mikono miwili.

"Bado, shemeji," sauti ikasema kutoka sebuleni.

Injinia alikimbia mpaka uani, akapaza sauti akimwambia ashuke, ashuke sasa hivi, na yule mama akageuka akamwona chini, mtu yule yule ambaye alikuwa anamsikia ndani ya nyumba, akatazama mlango, akamtazama tena, na rangi yote ikamtoka usoni, kwa kuwa kati ya sauti mbili zinazofanana ile ya ndani ilikuwa imetulia na hii ya uani ilikuwa ya mtu aliyetokwa na macho, jasho na mate, kwa hiyo aliyemwogopa akawa ni huyu wa uani, akaachia mlingoti na kurudi nyuma, mbali na ngazi, mbali na shemeji yake, hatua moja, na ndani ikasema sogea kidogo, hatua ya pili, bati likalia chini ya visigino vyake, kidogo tena, na harufu ya waya ulioungua ikafurika mlangoni mpaka macho yakamwasha Injinia, naye akaona wazi kwamba kila anapoita ashuke anamsukuma nyuma, na kwamba nyuma yake zimebaki hatua tatu, kisha mfereji.

"Picha ilikuwa imekaa," akasema.

Hakupaza sauti. Yule mama akasimama.

"Siku ile. Picha ilikuwa imekaa, shemeji, na mimi nikamwambia bado. Mara tatu. Nilimwambia asogee mbele."

Ndani sauti ikaanza, "Ba—" ikakatika. Kitu chenye joto la pasi kikatoka mlangoni, kikampita Injinia begani bila kumgusa, ngazi ikatikisika, na harufu ikaondoka nacho. Sebuleni televisheni ikazimika.

"Kwa nini?" akauliza shemeji.

"Ilikuwa inapigwa penalti." Alitamani aseme jambo kubwa zaidi, ugomvi, wivu, chochote, lakini halikuwepo. "Angeshuka angebadilisha stesheni."

"Na pombe?"

"Hakuonja. Niliitunga mimi."

Mjane alikaa palepale juu ya bati la moto, miguu ameinyoosha.  Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Siku tatu kabla aliniapia kwamba ameacha. Alishika kichwa cha mama yake akaapa. Halafu mkaniletea maiti mkasema amelewa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nguo zake nilizichoma. Kaburi lake sijalikanyaga, miaka tisa. Kila mtu akimtaja kwa wema nilikuwa natoka nje."

 Injinia alikwenda kushika ngazi, ili angalau shemeji ashuke salama.

"Toa mikono yako hapo," akasema shemeji.

Akaitoa. "Rudi nyuma. Zaidi." Akarudi mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa uani, na mama yule akashuka peke yake, ngazi ikicheza, bila mtu wa kumshikia. Aliingia chumbani kwake, akatoka na jembe na ndoo ya maji.

"Nikusindikize?"

"Ninakwenda kumwomba radhi mume wangu," akasema. "Sitaki unisikie." Akapita getini, maji yakimwagika kwenye ndala zake.

Mke wa Injinia alimkuta saa kumi na moja amekaa chini ukutani, pale pale alipoamriwa kusimama. Alisema amepishana na shemeji njiani, analia na jembe begani, amempungia mkono hakumjibu. Amefanyiwa nini? Injinia akamtazama mkewe usoni, na akaanza kusema tena upya, tangu mwanzo, na safari hii hakukuwa na jini wa kumlazimisha wala wa kumsingizia.