Karatasi ya Mazoezi ya Bibi Akimana

Kila asubuhi nyumbani kwao Mabawe, wilayani Ngara, kabla ya kwenda shule, Niragira alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kuwafungulia mbuzi na kumsimamia bibi yake afanye mazoezi ya mkono. Mbili za kwanza alizimaliza upesi. Ya tatu ilimshinda, lakini hakumwambia mtu.

Bibi Akimana alikuwa msusi hodari wa vikapu vyenye vifuniko virefu, vile wanavyopewa maharusi wa Kirundi. Kisha baridi yabisi ikamshika kifundo cha mkono wa kulia, kikavimba na kusagika hadi akashindwa hata kushika kijiko. Mwaka huo, 1995, barabara za Ngara zilijaa malori ya misaada ya wakimbizi, na pamoja na misaada alikuja daktari bingwa wa mifupa kutoka Mwanza. Alimpasua Bibi, akatoa kiungo kilichosagika na kumwekea kipya cha chuma na plastiki. Bibi akawa anawatania majirani kwamba sasa yeye ana spea kama lori.

Plasta ilipofunguliwa, Evarista, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimpa karatasi yenye visanduku. Kila asubuhi Bibi aukunje mkono, auinue, kisha aulaze upande huu na upande ule. Asishike jembe wala ndoo. Kila siku mazoezi yakifanyika, kisanduku kimoja kitiwe alama ya vema. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo karatasi alikabidhiwa Niragira, mwanafunzi wa darasa la sita.

Siku tatu mambo yalikwenda vizuri. Siku ya nne maumivu yalizidi, Bibi akauma upindo wa kanga yake.

"Leo basi, mjukuu wangu," alisema.

Katika nyumba ile mkubwa akisema basi, mtoto habishi. Niragira aliitikia, akabaki anakitazama kile kisanduku kitupu. Aliona aibu kwamba watu wa hospitali wangemwona Bibi mvivu, basi akatia vema. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Mwezi ulipokwisha, karatasi ilijaa vema kama daftari la mwanafunzi wa kwanza darasani, na mkono wa Bibi ulikuwa mkavu kama kuni.

Siku ya kurudi hospitali, Evarista aliisifu sana karatasi. Alipoushika mkono, tabasamu lilimpotea. Alimwita daktari, naye akaagiza Bibi akapigwe picha ya eksirei. Bibi alipoondoka, daktari aliigeuza karatasi mbele na nyuma.

"Kama mazoezi yote haya yamefanyika na mkono haukunjiki, basi tatizo liko ndani," alimwambia Evarista. "Itabidi nimpasue tena."

Niragira alikuwa ameketi kwenye benchi, akasikia yote. Alikumbuka jinsi Bibi alivyolia baada ya upasuaji ule wa kwanza. Alitamani akimbilie nje, lakini alisimama.

"Daktari, usimpasue Bibi. Alama hizo nilizitia mimi tu. Hatukufanya."

Evarista alimuuliza kwa nini.

"Alisema basi. Ningembishiaje Bibi?"

Hakuna aliyemkaripia. Picha ilipoletwa, kiungo kipya kilionekana kimekaa sawasawa mahali pake, na daktari alisema upasuaji hauhitajiki. Bibi alipoelezwa yote, alimshika mjukuu wake bega.

"Mimi nilisema basi, yeye akaandika," alisema. "Tumekosa wote wawili. Tupeni karatasi nyingine."

Tangu siku hiyo walipatana hivi: Bibi akisema basi, Niragira habishi, bali anamwekea mapajani ile karatasi yenye kisanduku kitupu, kisha anangoja. Bibi hakuhitaji kujua kusoma ili akione. Alikuwa akinung'unika, akiguna, mwishowe akicheka na kuunyoosha mkono.

Wiki zilipita, kifundo kikalegea kidogo kidogo. Evarista alimruhusu kusuka nyasi laini kila baada ya mazoezi, na kabla ya mavuno kikapu cha harusi ya Felisita, shangazi yake Niragira, ambacho Bibi alikiacha nusu alipougua, kilikuwa kimepata kifuniko chake.

Walipokwenda hospitali mara ya mwisho, karatasi ilikuwa na visanduku vitupu vinne, vya siku ambazo Bibi alishindwa kabisa. Evarista aliviona, akafurahi kuliko alivyofurahia ile karatasi ya kwanza.

"Hii naiamini," alimwambia Niragira. "Kumheshimu mkubwa si kumfichia ukweli. Ulimpenda Bibi, lakini uongo wako ulikaribia kumrudisha kwenye kisu."

Mbali na hivyo vinne, kilibaki kisanduku kimoja, cha siku ile. Bibi aliukunja mkono, akauinua, akaulaza huku na huku, kisha akaomba kalamu. Akatia vema yeye mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Ilikuwa imepinda, na ilikuwa kubwa kuliko zote.