Herufi Aliyoifuta Sadoki

Kila asubuhi, kabla ya masomo, Atuganile alifagia darasa, akapangusa vibao vya kuandikia kwa kitambaa chenye maji, kisha akavipanga juu ya benchi. Alikuwa na miaka kumi na minne, msichana wa darasa la juu. Enzi hizo za Wajerumani, shule yao ya misheni, mwendo mfupi kutoka Ipyana, ilikuwa na mwalimu mmoja tu, Mwalimu Lazaro, naye alimpa Atuganile kazi ya kuwasaidia wadogo. Watoto walimwita "mwalimu mdogo". Jina hilo lilimpendeza kuliko alivyokubali kusema.

Wiki ya mtihani, Mwalimu Lazaro alifiwa na ndugu yake, ikambidi aende Ipinda kuzika. Alimwachia Atuganile watoto kumi na wawili awafanyishe marudio ya imla ya Kiswahili. Atakayefaulu mtihani wenyewe angepanda darasa, atakayeshindwa angerudi nyumbani. Sadoki, mdogo kuliko wote, alilijua hilo vizuri. Mama yake, mfinyanzi wa vyungu kule ufukweni mwa ziwa, alikwisha kumwambia kwamba asipopanda darasa atakuja kubeba udongo.

Marudio yalikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye neno karamu. Shida yetu sisi wa huku inajulikana: lugha yetu ya nyumbani haina r, kwa hiyo midomoni mwetu karamu ya kula na kalamu ya kuandikia hutoka sawasawa. Sadoki akanyoosha mkono, akauliza ile ya kula huandikwa kwa l au kwa r.

Atuganile hakujua. Kitabu kilikuwa kwa Mwalimu. Angeweza kusema hajui na mambo yakaishia hapo, lakini watoto wote walikuwa wakimtazama, akaona aibu. Akajibu kwa sauti kavu kwamba ni l. Sadoki akasema polepole kuwa baba yake, aliyewahi kubeba mizigo mpaka pwani, humwambia ni r.

"Basi baba yako aje afundishe yeye," Atuganile alimjibu. "Futa."

Darasa zima likacheka. Sadoki akafuta, macho yake yakiwa chini. Atuganile hakucheka. Alijua moyoni kwamba amemfanya mtoto achekwe ili yeye asionekane hajui.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi Mjerumani kutoka misheni ya mbali, mzee mwenye miwani. Sentensi ya tatu ya imla ilikuwa, "Mfalme alifanya karamu." Yule mzee aliitamka r kama mtu anayekoroma, tena mara mbili. Kila mtoto aliisikia. Wote kumi na wawili wakaandika l.

Msimamizi alipitia vibao kimoja kimoja, uso ukazidi kukunjamana.

"Watoto kumi na wawili, kosa moja, mahali pamoja," alisema. "Hawa wametazamiana. Hakuna atakayepanda darasa."

Mwalimu Lazaro, ambaye alikuwa amerudi, aliinamisha kichwa. Akamwambia Atuganile akusanye vibao. Atuganile alijua kosa lilikotoka. Kusema ilikuwa aibu, na kunyamaza ilikuwa aibu vilevile. Akaanza kukusanya. Alipofika kwa Sadoki aliona, chini ya ile l, alama hafifu ya r. Mtoto alikuwa ameandika sawa, kisha akafuta, kwa kuwa siku ya marudio mwalimu mdogo alimwambia afute.

Atuganile alipiga magoti mbele ya Mwalimu Lazaro, kibao kikiwa mikononi.

"Hawakutazamiana," alisema. "Ni mimi niliyewafundisha l. Nilikuwa sijui, na sikutaka waone kwamba sijui. Sadoki alijua, nikamfanya achekwe."

Msimamizi alikichukua kibao, akakitazama karibu sana na pua. Kisha akaamuru vibao vyote vifutwe, imla ianze upya kwa sentensi nyingine. Watoto kumi walipanda darasa, Sadoki akiwemo. Wale wawili walioshindwa walishindwa kwa makosa yao wenyewe.

Baadaye Atuganile alimwomba Mwalimu Lazaro amwondolee kazi ile, kwa maana hakuona atawatazamaje tena watoto. Mwalimu alikataa.

"Mimi pia kuna maneno mengi nisiyoyajua, ndiyo maana natembea na kitabu," alimwambia. "Ungesema hujui, ungeona aibu kidogo tu. Ulipoficha, nusura uwapotezee watoto mwaka mzima. Mwalimu ni yule anayekubali kuuliza. Kesho utamwomba Sadoki msamaha, mbele ya wale wale waliomcheka."

Kesho yake alifanya hivyo, uso ukiwaka moto. Sadoki akasema, "Ndaga, dada," maana yake asante, kisha papo hapo akanyoosha mkono. Alitaka kujua, kati ya mahari ya bibi harusi na mahali pa kukaa, ipi ni ya r. Wengine walianza kucheka chini chini.

Aibu ilimpanda tena Atuganile mpaka masikioni.

"Sijui," alisema. "Ngojeni nikamwulize Mwalimu."

Akatoka mlangoni, wote wakimtazama.