Majina Yaliyofifia

Kila siku akitoka shule, Agnella alivua sare, akala wali uliofunikwa kwa sahani, kisha akaenda dukani kwa shangazi yake Emerensiana, pale mtaa wa Viwanja Sitini. Lilikuwa duka dogo la steshenari lenye mashine ya fotokopi, kompyuta moja, na printa ambayo shangazi aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Agnella alifuta vumbi, aliuza kalamu na madaftari, na alichapa anwani kwenye bahasha. Alikuwa na mkono mwepesi wa kazi. Hata wenzake wa darasa la saba waliomwonea wivu walilikubali hilo.

Kilichomkosesha shangazi usingizi ni wino. "Printa hii ni mlevi," alizoea kusema. "Ukiigeuzia kisogo tu, chupa imeisha!" Wino uliagizwa Morogoro, na ulipochelewa, kazi ililala.

Msimu wa kuamia ndege, watu wakishinda mashambani kuwafukuza wasile mpunga, hospitali iliwaletea kazi kubwa. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja kwa wiki moja, kama walivyofanya kila mwaka, kuwapasua wagonjwa wa mtoto wa jicho. Wagonjwa wa vijiji vya upande wa Mlimba walitakiwa kuitwa kwa barua, kwa sababu wengi hawakuwa na simu, na wenye simu wakiwa mashambani hawapati mtandao. Barua hizo hupitia kanisani. Jumapili baada ya misa, katekista husimama mbele, husoma majina yaliyoandikwa juu ya bahasha, na anayeitwa huenda kupokea yake. Barua ya mtu haifunguliwi na mwingine, hata awe padre.

Siku ya kuchapa bahasha, shangazi aliitwa msibani kijiji cha Kisawasawa. "Wino ni huohuo uliobaki," alimwambia Agnella akifunga kanga kiunoni. "Bana, bana kabisa. Kazi hii isitushinde."

Agnella akaanza. Kila bahasha ilikuwa na jina la mgonjwa, na pembeni picha kubwa ya jicho la buluu iliyozungushiwa fremu nene. Shangazi aliipenda sana picha ile. Lakini kabla kazi haijafika nusu, taa ya wino ikaanza kuwaka na kuzima. Agnella akafungua mipangilio ya printa, akachagua uchapaji hafifu, ule unaotumia wino kidogo. Bahasha zikatoka na majina ya rangi ya majivu juu ya karatasi ya kaki. Alizisogeza karibu na uso, akajiambia, "Mbona zinasomeka?" Zilisomeka, ndiyo, kwa macho ya mtoto wa miaka kumi na tatu, tena dirishani.

Moyoni alijua zimeharibika. Lakini aliogopa kukaripiwa, akafanya jambo baya zaidi ya lile la kwanza. Alichukua bahasha za mwanzo zenye majina meusi akaziweka juu, zile zilizofifia akazificha chini. Shangazi aliporudi, akiwa amechoka na macho mekundu kwa kulia, alitazama za juu tu.

"Ahsante mwanangu, umeniokoa," alisema. Agnella aliipokea sifa ile, akazifunga bahasha kwa kamba tayari kupelekwa hospitali.

Jumatatu ya upasuaji ilipofika, Sista Mariana, muuguzi wa hospitali, aliingia dukani bila hata kufunga mwavuli wake.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, Sista."

"Sikai, Mama. Wagonjwa wangu wa upande wa Mlimba wamefika wachache mno, na vitanda vinanitazama. Nimempigia katekista Festo, anasema bahasha nyingi hazina majina. Jana hakuwaita watu hao, bahasha kaziweka kando."

Shangazi aliruka. "Hazina majina? Nimeyaona kwa macho yangu, Sista, meusi tii!"

"Basi labda mzee mwenyewe macho yamemchoka," Sista akasema kwa unyonge. "Nimwambie ajaribu tena."

Hapo Agnella angeweza kunyamaza. Kosa lingebaki kwa mzee Festo, na mzee Festo asingejua. Lakini aliwawaza watu waliokaa kwenye mabenchi ya kanisa wakisubiri kuitwa.

"Shangazi, ni mimi," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilichapa kwa wino hafifu. Zenye majina meusi niliziweka juu ili usione."

Shangazi hakumpiga, wala hakupaza sauti. Alifungua kompyuta, akaita jina moja baada ya jingine, na Sista akayatuma kwa simu kwa katekista. Mzee Festo akawasambaza vijana wa bodaboda kijiji hadi kijiji. Siku zilizofuata wagonjwa walianza kuwasili, na shangazi alimpeleka Agnella kwenye geti la hospitali kila jioni awapokee na kuwashika mkono. Wengi walipasuliwa, wakafunguliwa bandeji, wakacheka kwa kuona.

Jumamosi asubuhi, Agnella akiwa tena pale na madaktari wakiwa wameshaondoka, mama mmoja aliingia getini akiongozwa na binti yake Dativa. Alikuwa Mama Yosefina. Jumapili ile alikuwa kanisani, akasikiliza hadi mwisho, hakuitwa, akarudi kwenye kibanda chake cha shambani, mbali kule bondeni. Habari zilimfikia zikiwa zimechelewa.

Sista alimweleza polepole.

"Mpaka mwakani?" Mama Yosefina aliuliza.

"Mwakani, mama yangu. Jina lako litakuwa la kwanza."

"Nilidhani mmenisahau," alisema. "Nikasema, basi, Mungu hakupenda."

Agnella alipiga magoti. "Shikamoo, Mama. Siyo Mungu. Ni mimi niliyeharibu bahasha yako. Naomba unisamehe."

Mama Yosefina alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata uso wa Agnella, akaugusa kuanzia paji hadi kidevu.

"Kumbe ni mtoto," alisema. "Nimekusamehe. Lakini nilitaka kumwona mjukuu wangu akiwa bado mchanga." Kisha akamwomba binti yake waanze safari ya kurudi.

Jioni ile shangazi aliwasha kompyuta, akamwita Agnella karibu. Akafuta picha ya jicho, akafuta na fremu, likabaki jina peke yake. Akachapa. Jina lilitoka jeusi, likasomeka kutoka mlangoni.

"Wino wetu mwingi ulikuwa unaliwa na pambo hili," alisema. "Mimi ndiye niliyeling'ang'ania, tena nikakuachia kazi na kuipokea bila kuikagua. Kosa hilo ni langu. Lakini sikiliza, mwanangu. Kubana matumizi ni kuacha pambo, siyo kumpunguzia mtu kile anachokihitaji. Na kazi ikikuharibikia, sema siku hiyohiyo. Ningekukaripia, na karipio langu lingeisha kabla ya chakula cha usiku. Sasa wino uliouokoa wewe, Mama Yosefina anaulipa kwa mwaka mzima wa giza."