Mchumba Asiyesalimu

Sokoni Ifakara, Jumamosi asubuhi, umati uligawanyika kama mpunga unapopitiwa na kiboko. Katikati alipita Nazari, mwanamieleka wa maonyesho, joho lake jekundu likiburura vumbi, akitangaza pambano la kesho. Agnella alitaka kumvuta mama yake, Bibiana, nyuma ya magunia, lakini walikuwa wamekwisha kukutana uso kwa uso.

Bibiana alisubiri shikamoo. Nazari alimtazama toka utosini hadi kwenye kandambili, akaenda zake. Watu wakamzomea Nazari kwa furaha.

"Huyu ndiye atakayeleta posa kwangu?"

"Mama, ule ni mchezo. Ulingoni yeye ni mtu asiyesalimu. Mimi ndiye niliyemtungia tabia hiyo."

"Umetunga utovu wa adabu! Mshenga wake asikanyage kwetu Mlabani."

Agnella alijua alichotunga. Bonde hili humsamehe mlevi, humsamehe hata mwizi wa kuku, lakini si kijana anayewapita wazee kimya.

Jioni simu ikalia.

"Nisamehe, mpenzi. Mashabiki walikuwa wakinitazama."

"Na mama yangu je, alikuwa amefumba macho?"

"Nikimwamkia hadharani, nani atanichukia kesho?"

"Basi chukiwa kesho, unikose maisha!"

Jumapili, baada ya misa, Bibiana alikwenda mwenyewe uwanjani, akaketi mstari wa mbele, kitenge amekikaza kiunoni.

"Nampa nafasi moja tu," alisema.

Nazari alipanda ulingoni, akawaona, akasita. Kisha akampa mama mgongo.

Agnella alifumba macho. Yamekwisha.

"Wewe! Ulilelewa na nyani?"

Alikuwa mama yake, amesimama juu ya kiti, kidole hewani. "Hukufundwa kwenu? Geuka!"

Uwanja mzima ukainuka naye: "Geuka! Geuka!" Nazari akageuka kumkabili, na hapo mpinzani wake, Mayunga, akamdaka kiuno, akambwaga chali. Wanawake wasiomjua Bibiana walimkumbatia huku wakipiga vigelegele.

Bibiana aliketi akihema, jasho likimtiririka.

"Umeona nilivyomwangusha?"

"Nimeona, mama."

"Ameumia?"

"Hapana. Ndivyo walivyopatana."

Bibiana alimtazama kwa muda mrefu yule kijana aliyelala chali, akizomewa na watu wazima na watoto wao, asijitetee hata kwa neno moja.

"Huyu ni mvumilivu," alisema hatimaye. "Mshenga aje Jumamosi. Ila mchezo mwingine utakaoutunga, nami unitafutie nafasi."