Mtungi Mkongwe wa Loizos

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa hivi, nikianza sitaki kelele. Aliyepatwa na haya ni Rodou, mdogo wangu wa tumbo moja, na mimi Thekla nilikuwa mle mle ndani ya nyumba. Sikusimuliwa na mtu.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa tisa. Tulikuwa tumemaliza kuchuma zabibu na kuzianika kwenye mikeka, mteremkoni nyuma ya nyumba. Zinakaa juani siku kumi na mbili mpaka zinywee, ndipo zikamuliwe. Shamba la shemeji yangu Loizos halijawahi kuona dawa ya dukani. Samadi ya kondoo, jivu, jembe na mikono, basi. Siku hizi wanaita kilimo hai na wanakupa cheti. Sisi tulikuwa tunaita kulima.

Loizos alikitaka hicho cheti kama alivyotaka mtoto wa kiume. Kila akikizungumzia alikuwa anatikisa kile kidole chake kidogo kilichopinda, walichorithishana ukoo mzima, baba na babu. Mkaguzi alikuwa aje baada ya wiki mbili, kwa hiyo ghala lote likaoshwa. Ukabaki mtungi mmoja tu, ule mkongwe uliozikwa nusu ardhini kwenye kona.

Mtungi ule haujawahi kuwa mtupu tangu kwa babu wa babu yake. Kila mwaka, siku ya arobaini baada ya kukamua, unachota jagi moja la mvinyo wa zamani na kurudisha jagi moja la mpya, saa hiyo hiyo. Kisha unauziba mdomo kwa udongo mpaka mwakani. Mvinyo uliopo chini kabisa ni wa lini, hakuna ajuaye.

"Na uchafu wake ni wa lini?" Loizos alisema. "Mkaguzi akiniuliza kilichomo, nimjibu nini?"

"Mwambie ni mvinyo wa mababu zako," Rodou akamjibu.

"Mababu zangu hawakuwa na cheti, mke wangu."

Tukacheka. Na mimi nilicheka, sifichi.

Loizos akauvuta mvinyo wote kwa mpira na kuumwaga mtaroni. Harufu ilijaa kijiji kizima. Bibi Fotou, jirani yetu mwenye miaka tisini na ushee, alitoka na mkongojo wake, akasimama getini na kuziba pua kwa mtandio, kama watu wanavyofanya penye maiti. 

Mdomo wa mtungi ule ni mwembamba, bega la mtu mzima halipiti. Kwetu sisi, watoto ndio wanaoingia kusugua mitungi. Mimi niliingia nikiwa mdogo, Rodou pia aliingia. Basi Evanthia, binti yao wa miaka minane, akateremshwa kwa kamba na brashi yake, anaimba. Wimbo ukakatika.

"Evanthia?" Loizos akaita.

 Kisha sauti ya mtoto ikatoka chini, ndogo kabisa. "Baba, nani huyu anameza?"

Tukamvuta haraka. Gauni lake lilikuwa jeupe vilevile. Kuta zile zimelowa mvinyo tangu enzi za Waturuki, na mtoto alitoka mkavu, hana hata doa. Brashi nayo ilikuwa kavu.

Jioni ile alikunywa jagi la maji, akaomba lingine. Siku ya pili midomo ikapasuka. Siku ya tatu tukampeleka hospitali mjini, wakamtundikia dripu, chupa baada ya chupa. Maji yalikuwa yanaingia na haonekani kuyapata. Haendi haja ndogo, hatoi jasho, akilia hatoi machozi. Madaktari walituuliza maswali yale yale mpaka wakaona haya kutuuliza tena. Siku ya sita Loizos akamrudisha nyumbani mikononi, mwepesi kama nguo.

Rodou akanishika mkono, akanipeleka kwenye mikeka. Akaokota zabibu moja, akarudi nayo ndani, akaiweka kando ya mkono wa mwanawe.

"Dada, angalia."

Mikunjo ilikuwa ile ile. Rangi ile ile.

"Zimebaki siku sita," akasema. Akakaa chini sakafuni.

Hatukulala tena kama watu. Padri alikuja akaomba. Tukafukiza majani ya mzeituni mpaka macho yakatuuma. Loizos alijaza mtungi kwa mvinyo wa mwaka jana, mapipa matatu, huku analia kwa sauti. Asubuhi ukawa mtupu. Hauna ufa, ardhi haijalowa, na ndani ni mkavu kama tanuri.

Bibi Fotou ndiye aliyenong'ona. "Mvinyo huo mtungi hauujui. Rudisheni wake."

Wake ulikwisha mtaroni. Ila nilikuwa na chupa moja ya mvinyo wa mtungi ule kabatini kwangu, niliyopewa na mama yake Loizos siku nilipoolewa. Niliikimbilia. Nimefika umri huu sijawahi kukimbia vile. Tukaimimina saa sita mchana, watu wote wamelala kwa joto. Nikainamisha sikio. Nikasikia mtu anameza.

Alasiri ile Evanthia alikojoa kitandani. Mimi na mdogo wangu tuliishika ile shuka mbichi tukalia kwa furaha, tukaibusu. Kesho yake mtoto akaanza kukauka upya. Chupa ilikuwa moja tu.

Siku ya kumi na moja Rodou alinikuta uani. Hakuwa analia tena, na hilo ndilo lililonitisha.

"Dada, miezi miwili sijaziona siku zangu. Loizos hajui."

"Kwa nini unaniambia sasa hivi, Rodou?"

"Ili awepo mmoja anayejua."

Sikumwelewa. Unisamehe mdogo wangu, kweli sikukuelewa.

Siku ya kumi na mbili. Mchana. Loizos yuko mteremkoni anakusanya zabibu kama mtu asiye na akili. Mimi niko kitandani kwa mtoto. Nilimshika mkono, mkavu kama karatasi. Nikasinzia. Dakika tano, kumi, sijui.

Niliamshwa na mkono wenye jasho.

"Mama mkubwa, nina njaa." Mashavu yake yamelowa machozi. "Mama amesema msiufungue mpaka siku yake."

Nilishuka ghalani. Viatu vya Rodou viko kando ya mtungi, vimepangwa sawasawa. Mdomo ule mwembamba umezibwa. Udongo mbichi. Nikaugonga mtungi kwa kidole, ukaitika mzito. Umejaa.

Loizos aliingia na nyundo. Akapiga mara moja, kipande cha udongo kikaruka. Nyuma yetu Evanthia akakohoa. Tukageuka. Mdomo wa mtoto ulikuwa umepasuka upya, damu inashuka kidevuni.

Nikamshika shemeji yangu mkono. "Nyumba hii haiwezi kuwa nao wote wawili tena, mama na mtoto," nikamnong'oneza. "Chagua."

Alilia kama mnyama. Kisha akaiweka nyundo chini, akachovya vidole kwenye maji, akaliziba lile pengo kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ya arobaini tuliufungua. Mvinyo ulikuwa juu mpaka ukingoni, mweusi, mzee, harufu ile ile ya mtaroni. Loizos alizamisha mti mrefu mpaka chini, akakoroga. Hakuna mfupa. Hakuna unywele. Tukaugeuza ule udongo wa kuzibia. Upande wa ndani palikuwa na alama za viganja viwili vilivyosukumwa kutoka chini, na cha kulia kina alama ya pete ya ndoa.

Mkaguzi alishakuja zamani, zile wiki mbili zilipoisha, na hakuna aliyemfungulia.

Miaka ishirini na miwili sasa. Evanthia ndiye anayetengeneza mvinyo siku hizi. Jagi moja linatoka, jagi moja linarudi. Kila mwaka udongo ukitoka una viganja vya mama yake, na kila mwaka Loizos anavibusu. Ila kabla hajashuka, mimi ndiye ninayeugeuza kwanza. Tangu mwaka wa pili pana kiganja kingine pembeni. Kilianza kidogo kama jani la mnanaa. Nikakifuta kwa maji na kidole gumba. Mwaka uliofuata kilikuwa kimekua. Nikakifuta. Nimekifuta miaka yote hiyo, nikijiambia kwamba baba yake alishabeba ya kutosha.

Mwaka huu magoti yalinisumbua ngazini. Nilipofika, Evanthia alikuwa ameshaugeuza.

"Mama mkubwa," akaniuliza taratibu, "hiki kikubwa ni cha nani?"

 Loizos alikuwa nyuma yangu, sikumsikia akishuka. Akapiga magoti na kuinama kubusu kama kawaida yake, kisha akasita. Akakitazama kile kiganja kipana kwa muda mrefu. Kidole kidogo cha kiganja hicho kilikuwa kimepinda.

Akanyoosha mkono wake juu ya udongo, polepole, na kuulaza palepale. Ulienea sawasawa.